Alitarajiwa Mmoja

Rafiki yangu, fundi wa programu, hushusha sauti kila anapotusimulia haya.

Saa nane mchana aliteremka peke yake kwenye chumba cha mitambo, kisicho na dirisha, kuijaribu programu yake ya mlango. Unaandika amri, mlango unafunguka; ukikosea, programu inakueleza ilitarajia nini na imekuta nini. Majibu yote kumi na mawili ya makosa aliyaandika mwenyewe, anayajua kama jina lake.

Alipotaka kutoka, taa zikazimika. Kiyoyozi kikanyamaza. Kwa mwanga wa kompyuta akaandika: fungua.

"Kosa: ilitarajiwa namba ya kazi, haikuonekana."

"Haya, nimekoma," akanung'unika, akaongeza namba yake.

"Kosa: alitarajiwa mtu mmoja, wameonekana wawili."

Jibu hilo hakuwahi kuliandika. Akarudia mara tatu, likarudi lilelile. Mlango haukutikisika. Akapapasa simu ya ukutani, akampigia mwenzake wa ghorofani.

"Kaka, nani kagusa majibu yangu ya makosa?"

"Hakuna aliyeyagusa, dada. Ila mwambie huyo uliye naye aache kupumulia kwenye simu, sikusikii vizuri."