Casimir mbele ya mama mukwe

— Alinitazama, Adolphine. Tangu aliikala hata chakula kikaisha, alinitazama.

Mama Régine hakupandisha sauti, na hiyo njo ilimuogopesha binti yake. Ilikuwa Élisabethville, mwaka wa 1953. Jana yake Casimir, muchumba wa Adolphine, alikuja kuomba siku ya ndoa. Mbele ya mama mukwe, mwanaume anatazama chini. Hata mutoto anajua. Casimir yeye aliinamisha kidevu, akalaza kichwa ku bega, kisha akapandisha macho, akamukazia mama wa bantu sawa muntu anayechagua mbuzi ku soko.

— Blanketi zake za mahari akuje azibebe. Ndoa hapana.

Adolphine akapita mutaa wa Albert muzima kwa miguu, hasira ikimutangulia. Alimukuta Casimir ku mulango wa nyumba yake, kichwa kimelala vilevile. Hakumusalimia.

— Mama yangu njo mwanamuke unataka?

— Nilimuheshimu.

— Na macho ile?

Casimir akashusha mukono kukamata kikombe cha maji pale chini. Vidole vikashika hewa, kando ya kikombe. Adolphine akamuambia: kumbe uko mulevi pia.

— Sikukunywa. Wiki mbili sasa, nilitoka ku kazi na kinga, ile baiskeli yangu, gurudumu ikaingia mu shimo, kichwa kikapiga ukuta. Damu hapana. Niliona ni kintu kidogo.

Hakumuamini. Akamukamata kichwa na mikono mibili, bila huruma, akakinyoosha.

— Hesabu miguu yangu.

— Minne.

Akamufunika jicho moja na kiganja.

— Sasa?

— Mibili.

Akamuuliza sababu gani alificha. Casimir akasema hakuna mama anayepana binti kwa mwanaume wa macho ya kuharibika. Adolphine akamuita mupumbafu mara tatu, ya tatu na machozi, akamuvuta ku disipanseri, kwa baganga. Kule bakabaeleza: mushipa unaoongoza jicho umeumia, akitazama chini anaona kila kintu mara mbili, kwa hiyo analaza kichwa na kupandisha macho. Kwa miezi, labda itapona.

Bakarudi kwa mama, kitambala cha Adolphine kikiwa kimefunga jicho moja la Casimir. Lile ingine lilitazama udongo. Mama Régine akasikiliza yote.

— Mulinipatisha haya sababu ya kinga, akasema.

Lakini blanketi hakuzirudisha.

Siku ya ndoa bakamuwekea mama kiti mbele ya barusi babili. Akakibeba mwenyewe, akakipeleka upande wa jicho la kitambala, pale Casimir hawezi kumuona. Akaikala, akaomba bukari ya kula.

— Na jicho likipona, mama? Adolphine akauliza.

— Likipona, atatazama chini.