Macho ya Déborah

Jirani yangu Sadrack, fundi wa picha za matanga huku Makiso, siku ile aliamka na furaha ya jogoo. Shule aliiacha mapema, kama sisi wajanja wote, lakini kompyuta anaijua kuliko waliomaliza. Hakuna marehemu aliyepita mikononi mwake akatoka mubaya! Shida ilikuwa écran, kioo cha kompyuta yake ya zamani, imeanza kufifia. Akaenda dukani kwa papa Mbusa kuchagua nyingine.

"Hii inang'aa, bei kidogo, lakini inadanganya rangi," Mbusa alimwambia. "Ile haing'ai, lakini inaonesha kitu vile iko. Mutu wa kazi yako anachukua ile."

"Papa, hakuna écran ya kunifundisha rangi. Washa zote mbili!"

Akachomeka clé, flash anamowekea picha zake, akafungua picha anayoijua kuliko zote: Vicky, aliyezikwa miezi mitatu iliyopita. Picha hiyo ilitundikwa kwenye bâche, lile turubai kubwa uwanjani pa matanga, na watu wakalia mara mbili: mara kwa Vicky, mara kwa uzuri wa kazi.

Siri moja hakumwambia mutu. Picha pekee waliyomletea, Vicky alikuwa amefumba macho. Na marehemu hatundikwi amefumba. Lazima awaangalie wanaokuja kumulilia. Basi Sadrack akatafuta picha ya Déborah, dada ya Vicky, mzima wa afya, akakata macho yake na kuyabandika. Yalikaa sawasawa, si ni tumbo moja? Wiki ile ile Déborah akaanza kuona ukungu. Leo anatembea akipapasa kuta. Daktari haoni ugonjwa. Na Sadrack, na mdomo wote ule, amenyamaza.

Kwenye écran inayong'aa, Vicky alikuwa Vicky.

Kwenye ile nyingine, uso ulikuwa karatasi. Macho yalikuwa mabichi, kama ya mutu aliye hai.

Sadrack akasogea kushoto. Yakamfuata.

Akarudi kulia. Yakarudi.

"Papa Mbusa," akanong'ona. "Unaona?"

"Naona photo, mutoto. Iko nini?"

Yakapepesa.

Akaichomoa clé. "Nachukua ile inayong'aa."

"Ile ya kudanganya?" Mbusa akacheka, akimletea mupya ndani ya katoni. "Na kelele yote ile!"

Sadrack akalipa. Toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ikamfikisha nyumbani, katoni mapajani. Mlangoni pake alikuwa amesimama Déborah, kiganja ukutani.

"Sadrack, ndugu yangu. Asubuhi nimeona."

"Umeona? Mungu asifiwe, dada!"

"Kidogo tu. Nimekuona wewe, karibu sana, jasho kwenye pua. Nyuma yako papa mumoja, katikati ya makatoni. Nikataka kukuita. Giza ikarudi." Sauti yake ikashuka. "Mimi nilikuwa wapi, Sadrack?"

Neno lilifika kooni. Ni mimi, dada, nisamehe, nitayafuta leo. Lilikuwa neno fupi. Fupi kuliko majigambo yake yote.

"Ilikuwa ndoto, dada," akasema.

Déborah akatikisa kichwa, akaondoka, akipapasa.

Sadrack akafungua katoni. Écran ilikuwa mupya, bila waya, bila umeme, na plastiki ya kiwandani haijabanduliwa. Chini ya plastiki kulikuwa na ukungu.

Ukungu kila mahali, isipokuwa sehemu mbili, sambamba, ukubwa wa macho ya mutu. Zilikuwa zimepanguzwa. Kutoka ndani.