Lutzi ya Chigusa

Jukwaani pale kituo cha treni cha Nagoya, tambi pana huliwa wima, na saa mbili asubuhi watu hubanana mabega. Kiwiko cha kijana mmoja kikamwaga supu juu ya begi la Chigusa.

"We kaka, huna macho?"

"Samahani, dada. Humo mna viatu vya barafuni? Vitoe upesi, chuma kitashika kutu!"

Alikuwa na koti la bluu na vidole vyeusi kwa vumbi la chuma. Jina lake Tetsuro, kazi yake kunoa viatu vya kuteleza. Treni ilipofika alikuwa ameshavifuta kwa shati lake mwenyewe. Utamkasirikiaje mtu wa namna hiyo?

Walipendana. Chigusa alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, na kwao ukimaliza chuo unatundika viatu, unaenda ofisini. Kabla ya hapo alitaka kitu kimoja tu: kuruka lutzi halali.

Mruko huo umepewa jina la Mwaustria mmoja wa zaidi ya miaka mia iliyopita, naye lazima alikuwa mbishi. Unateleza kinyumenyume juu ya ukingo wa nje wa kiatu cha kushoto, mwili unavutwa huku, kisha unachoma barafu kwa ncha ya kulia na kuzunguka kule. Wengi huogopa, huangukia ukingo wa ndani mwishoni kabisa. Majaji huandika "e" ndogo kando ya mruko, na kila mtu anajua umeiba.

Tangu mwezi wa saba Chigusa alikuwa amepata e tano. Tano!

"Mpenzi, mruko wenyewe ulipendeza," Tetsuro alisema kwenye simu.

"Usinibembeleze! Nilikuwa nje kabisa, kisha kiatu kikanivuta ndani kama punda aliyeona majani."

"Labda umechoka."

"Nimechoka kuambiwa nimechoka!"

Wiki moja kabla ya shindano la mwisho, mwalimu wake, Bi Hatanaka, alilaza sarafu juu ya chuma cha kiatu cha kushoto. Kiatu kikinolewa vizuri, sarafu hutulia sawasawa. Hii iliinama. Ukingo wa ndani ulikuwa juu kuliko wa nje.

"Nani anakunolea?"

Chigusa alivua viatu, akavitia begini. Alitupia koti jekundu juu ya nguo za mazoezi, akaenda moja kwa moja dukani kwa Tetsuro.

"Mashine mbovu?"

"Hapana."

"Mkono ulitetemeka?"

"Hapana." Tetsuro alizima mashine. "Mwezi wa sita ulianguka kutoka ukingo wa nje, nyonga ikawa zambarau. Nikaona nikiupunguza kidogo, hutakaa huko muda mrefu. Niliogopa, Chigu."

"Miezi mitano najilaumu, na wewe unaniletea keki na pole! Noa sawa, sasa hivi. Halafu usinipigie."

Alinoa. Wiki hiyo alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa hata moja.

Siku ya shindano Chigusa alivaa gauni la kijani, nywele kazibana hadi macho yakavutika. Akaja kinyumenyume, akashikilia nje, nje, nje, akaruka. Alianguka kwa nyonga, puu! Ukumbi ukaguna. Yeye akainuka anacheka.

Alikuwa wa kumi na nane. Lakini kando ya lutzi hapakuwa na e.

Akapiga simu. "Uko wapi?"

"Mstari wa juu kabisa. Nyonga vipi?"

"Inauma kama jino. Umeona?"

"Nje mpaka mwisho."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Sikiliza, mjinga wee. Ukiogopa, niambie mimi. Usikiambie chuma."

"Basi sasa hivi naogopa."

"Nini tena?"

"Kukuomba tuoane, halafu ukatae."

Chigusa akashusha pumzi ndefu. Mtu huyu atamuua siku moja.

"Shuka uje kuomba vizuri," alisema. "Mimi siolewi kwa simu."