Nusu Sahani ya Wakhungu

Nabwile ndiye aliyekuwa akiosha vyombo, na ndiye aliyeona jambo hilo kwanza. Sahani ya baba ilirudi jikoni imeliwa nusu. Haikuwa nusu ya mtu aliyeshiba. Ilikuwa nusu iliyonyooka, kana kwamba mtu amepitisha kisu katikati. Upande mmoja sahani ilikuwa tupu kabisa. Upande wa pili ugali ulikaa na sukuma wiki yake, haukuguswa.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Keshokutwa pia. Na kila mara kilichobaki kilikuwa upande wa kushoto wa baba.

Nabwile hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiachia darasa la sita, na tangu hapo maneno yake mengi yaliishia kooni. Alisimama tu na sahani mkononi, akijiuliza.

Baba yake, Wakhungu, alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi. Nyumba yao ilikuwa Kibomet, mjini Kitale. Miezi miwili nyuma alikuwa amekwenda na lori Bungoma kushusha mzigo. Huko aliteleza juu ya magunia, akaanguka, akagonga kichwa upande wa kulia. Alilazwa wiki tatu katika hospitali moja ya Bungoma.

Aliporudi nyumbani alikuwa akitembea. Alizungumza vizuri na kutania watu. Alikumbuka hata jina la fahali wa babu yake.

"Huyu amepona," majirani walisema.

Lakini mkewe, Nangila, hakuona mtu aliyepona. Alimwona mtu aliyemkataa. Alipomwita, Wakhungu hakumgeukia. Alipomwekea chakula, alikula nusu na kusukuma sahani.

Kwao Bungoma, mwanamume akibakiza ugali wa mkewe, watu hunyamaza kidogo. Mara moja husamehewa. Akibakiza kila siku, watu huanza kuulizana mwanamke amefanya nini.

Habari zikafika Sirisia, kijijini kwao Wakhungu. Shangazi yake Nabwile, Senge Sellah, dada mkubwa wa Wakhungu, akaja. Alikaribishwa kwenye kochi la wageni, lililokuwa karibu na dirisha, upande wa kulia wa kiti cha Wakhungu. Nangila na Nabwile walikaa kushoto kwake, karibu na mlango wa jikoni, kama walivyozoea.

"Wakhungu!" Senge aliita.

"Ee, dada! Umekuja na kuku ama umekuja na mdomo tu?"

Wakacheka wote wawili. Waliongea mpaka chai ikapoa. Nangila alijaribu kuchangia mara tatu. Mumewe hakugeuka hata mara moja.

Senge alimfuata Nangila jikoni.

"Mama Nabwile, na mimi anaongea. Na mimi anacheka. Kwa nini wewe anakunyamazia? Hicho chakula anaacha ni cha nani?"

"Ni mimi nimepika, dada."

"Basi. Huyu mtu anaogopa mkono wako."

"Mimi nimempikia miaka ishirini!"

"Si ndiyo hiyo! Miaka ishirini alikuwa anamaliza. Sasa kuliingia nini ndani ya sufuria? Mimi sijasema umeweka kitu. Nimeuliza tu." Senge akajifunga leso vizuri. "Ijumaa ana kliniki Bungoma. Tukitoka hapo naenda naye Sirisia. Wewe utarudi hapa. Wazee watakaa, watasema kama utakuja ama hutakuja."

 Nangila aliendelea kupepea jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Alhamisi mchana, Wakhungu alikula nusu tena, akaweka mkono pajani. Nabwile alikwenda kama mtu anayetaka kuondoa vyombo. Badala ya kuiondoa sahani, aliigeuza. Kilichokuwa kushoto kikaja kulia.

"Aa!" Wakhungu akashangaa. "Nani ameniongeza?"

Akala vyote, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

Senge alikuwa ndiyo kwanza anarudi kando yake na jagi la maji. Akapiga makofi. "Mmeona? Nimekaa karibu naye tu, amemaliza!"

Nabwile akachukua sahani tupu, akaenda kuiosha. 

Siku ya Ijumaa walikwenda Bungoma wote wanne. Daktari alitazama kidonda cha kichwani, akasema kimefunga vizuri. Kisha akawaelekeza kwenye chumba cha pili. Humo alikuwamo mama mmoja mwenye sauti ya upole, Daktari Jepkoech, mtafiti wa ubongo.

"Mimi nachunguza jinsi watu walioumia kichwa wanavyozungumza na kuwa makini," alisema. "Naomba kumuuliza mzee maswali. Mkikubali, sawa. Mkikataa pia ni sawa, matibabu yake hayatabadilika."

"Uliza tu," Wakhungu alisema. "Mdomo wangu hauna kazi siku hizi."

Jepkoech akatabasamu. "Nyumbani mmeona nini?"

Senge akajibu haraka. "Anakataa chakula cha bibi yake. Ni hayo tu."

Nangila akatazama sakafu. Senge alikuwa amekwisha kulishika begi la nguo la Wakhungu. Nabwile aliliona begi hilo, akajua kwamba wakitoka hapa mama atarudi Kitale peke yake. 

"Si chakula," alisema. "Ni upande."

Wote wakamgeukia.

"Upande gani, dada yangu?" Jepkoech akauliza.

"Kushoto. Anakula cha kulia, cha kushoto anaacha. Jana niligeuza sahani, akamaliza."

"Wewe ndiye uligeuza?" Senge akauliza.

"Ndiyo, Senge."

Jepkoech aliweka kalamu chini. Alichukua karatasi yenye mistari mingi midogo, akaiweka mbele ya Wakhungu. "Mzee, kata kwa kalamu kila mstari unaouona. Usiache hata mmoja."

Wakhungu alikata kwa bidii. Akarudisha karatasi. "Nimemaliza."

Mistari yote ya kulia ilikuwa imekatwa. Ya kushoto haikuguswa.

"Basi ni macho," Senge alisema. "Anunuliwe miwani."

"Macho yake yalipimwa hapa, ni mazima. Lakini swali lako ni zuri. Tujaribu kitu kisichohitaji macho. Mzee, funga macho. Uko Kibomet, kwenye barabara ya kwenu. Umesimama chini, darajani, unatazama juu kanisani. Nitajie majengo unayopita."

Wakhungu akafumba macho. "Kuna kinyozi. Kuna kinu cha posho. Kuna mama wa mandazi. Kisha kanisa."

"Vizuri. Sasa uko juu kanisani, unatazama chini darajani. Nitajie tena."

"Kuna duka la dawa. Kuna fundi wa cherehani. Kuna nyumba ya mwalimu, ile ina mbwa mkali. Kisha daraja."

Nabwile alikuwa akihesabu kwa vidole. Akasahau aibu yake.

"Sasa ameacha kinyozi! Na kinu cha posho! Kwanza alitaja upande ule, sasa ametaja huu!"

"Kila mara ametaja upande gani wake?" Jepkoech akauliza.

Nabwile akawaza. Ukitoka darajani, kinyozi yuko kulia. Ukitoka kanisani, duka la dawa ndilo liko kulia.

"Kulia," alisema polepole. "Hata ndani ya kichwa, anaona kulia tu."

"Hivyo ndivyo. Barabara yote anaikumbuka. Hajasahau kitu. Lakini ubongo hautazami tu. Unachagua pia cha kuzingatia. Alipoumia kulia, ile sehemu inayosaidia kuzingatia mambo ya kushoto ilidhoofika. Kwake yeye, kushoto ni kama hakupo. Hata hajui kwamba kuna kitu anakosa."

"Lakini huyu anaongea kuliko mimi!" Senge alisema.

"Kuliko wewe haiwezekani," Wakhungu akasema, na hata Nangila akacheka.

"Kwa watu wengi," Jepkoech akaendelea, "kazi kubwa ya lugha iko upande wa kushoto wa ubongo. Yeye hakuumia huko. Ndiyo maana wengi hukosea. Mtu akiongea vizuri, tunasema amepona. Akikosa kutujibu, tunasema ana kiburi, ama amelogwa, ama amemkataa bibi yake."

Nangila akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi hukaa kushoto kwake. Hiyo ndiyo sababu?"

"Ndiyo, mama. Hakukukataa. Ubongo wake haukukupata."

 Senge akaliweka begi chini.

"Na mimi hukaa dirishani," alisema. "Nilikaa upande mzuri, nikafikiri mimi ndiye mzuri. Mama Nabwile, nimekukosea."

"Atapona?" Nangila akauliza.

"Siwezi kukuahidi. Wengi hupata nafuu, wengine hubaki na shida kidogo. Mambo mengi ya ubongo bado hatuyajui, ndiyo sababu tunauliza. Lakini kuna ya kufanya. Wekeni kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa meza. Kabla ya kula, ageuze kichwa mpaka akione. Ukitaka kumwambia jambo kubwa, njoo kulia kwake. Jambo dogo mwambie kutoka kushoto, umguse mkono wa kushoto, ajifunze kugeuka. Jiko la moto na chai ya moto visikae kushoto. Na asivuke barabara peke yake. Pikipiki ikitokea kushoto, hataiona. Akianza kuumwa sana na kichwa, kutapika au kusinzia ovyo, msingoje kliniki. Mleteni mara moja."

Senge alirudi Sirisia peke yake. Ndiye aliyewaeleza wazee, na alivyo na mdomo, kufika Jumapili soko zima lilikuwa limejua.

Kule Kibomet, kitambaa chekundu kilishonwa kwenye kitambaa cha meza. Mwanzoni Wakhungu alikasirika. "Mnanifundisha kula kama mtoto?" Nabwile alimgusa mkono wa kushoto bila kusema. Baba aligeuza kichwa, polepole, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Akaona kitambaa. Akaona ugali. Kisha macho yakaenda mbele kidogo, yakamkuta mkewe.

"Nangila," alisema. "Mbona umekonda hivi? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," Nangila akajibu.

Baada ya miezi mitatu, sahani ilikuwa ikirudi jikoni tupu, siku nyingi. Bado alijigonga begani kwenye mlango. Kupakia magunia aliacha. Sasa alikaa nyumbani akichambua mbegu za mahindi, na kila baada ya dakika chache alijiambia mwenyewe, "Kushoto, Wakhungu."

Alasiri moja Nangila na Nabwile walikuwa jikoni wakichagua maharagwe.

"Watu wazima tulikuwa hapa," Nangila alisema. "Senge alikuwa, majirani walikuwa. Hakuna mtu alichunguza hiyo sahani isipokuwa wewe. Ulikuwa unatafuta nini?"

Nabwile aliokota kijiwe kidogo, akakitupa nje. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Hakuwa amelisema hata kwa Mungu.

"Mama, na mimi nilikuwa nafikiri umeweka kitu. Kila siku nilikuwa nanusa chakula cha baba. Nisamehe."