Nilimsingizia Binti Yangu Risasi Yangu

Mimi ni baba wa miaka arobaini na sita. Ninaishi peke yangu Buffalo, Marekani, chumba kimoja, na ninafanya kazi kiwandani kule Tonawanda. Nikirudi, hakuna wa kuniuliza kama nimekula. Lakini nilikuwa na familia, jamani! Nilikuwa na mke na binti...

Tuliishi Louisville, sisi watatu. Mimi nilipakia mizigo ghalani, mke wangu, Mama Neema, alitunza wazee.

Marehemu baba yangu alikuwa mwanajeshi wa Zaire, na alibeba bastola ya Kibelgiji. Alikuwa akichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, na kutuambia, "Hii ikitoka, bastola imekufa. Vuta triga utakavyo, haipigi." Ilikuwa kweli, Wabelgiji waliiunda hivyo.

Bon, mwaka 2015 nikaona ya aina hiyohiyo Louisville, iliyotumika. Muuzaji alinieleza kwamba hii ilitoka Argentina, Wabelgiji waliwapa ruhusa ya kuitengeneza kwao. Nikanunua. Baadaye nikapata magazini ya zamani ya Ubelgiji kwenyewe, nikaijaribu... ikaingia! Nikafurahi sana. Nikajiambia, kama magazini imekubali, donc kila kitu ndani ni kilekile. Ujinga gani huo!

Jumamosi moja mchana, mke wangu akiwa kazini, nikamwita Neema, miaka kumi na moja, nimwonyeshe jinsi silaha ya babu yake ilivyokuwa haipigi magazini ikitoka. Nikaingiza magazini yenye risasi, nikakoki, nikaichomoa magazini. "Papa, acha," akaniambia. Nikacheka. Nikavuta triga...

Risasi iliyobaki ndani ilipita kwenye kiganja chake.

Fundi wa bunduki alikuja kunieleza kwamba mwenye bastola wa kwanza aling'oa kile kidude kinachoizuia kupiga magazini ikitoka, eti triga iwe laini. Nitamlaumu yeye? Aliyevuta ni mimi.

Mke wangu alifika hospitali anakimbia, bado na nguo za kazi. Akauliza imekuwaje. Na mimi, mwanaume mzima, nikajibu kwamba Neema aliichezea. Mungu wangu! Mama yake akaanza kumgombeza mtoto mwenye bandeji. Neema alinitazama tu. Nikanyamaza siku ile, nikanyamaza wiki mbili...

Mwishowe Neema alimwambia mama yake ukweli. Mke wangu akaniuliza, "Papa Neema, ni kweli?" Nikainamisha kichwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Risasi ningeisamehe." Wiki ileile akamchukua mtoto wakaenda Columbus kwa dada yake. Kanisani habari ikaenea, watu wakaacha kuja kwangu. Nikahamia huku nisikojulikana.

Mwaka uliofuata nilipanda basi hadi Columbus kuomba msamaha. Neema aliniletea maji kwa mkono wa kushoto, maana vidole viwili vya kulia havikunjiki tena. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hataki tena kuongea na mimi, kwa nini nilisema ni yeye. Alisubiri, kisha akaingia chumbani kwake.

Ndugu zangu mnaosoma, bunduki usiiamini kwa hadithi za baba yako. Ifungue, tazama ndani kwa macho yako. Na ukikosea, sema "ni mimi" saa ileile, hata kama sauti inatetemeka. Msimtwishe mtoto kosa lenu, nawasihi! Nikimpigia Neema sasa, simu inaita mpaka inakatika.