Asikilizwe Kwanza

Msimu wa korosho ukifika, Zulfa hahitaji kuamshwa. Asubuhi ile alikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, akabeba ufagio na kidumu cha maji, akashika njia ya vumbi kwenda shuleni, nje kidogo ya Mandawa. Njia nzima alikuwa akijisemea kwa sauti, "Kimya barazani! Nimesema kimya!" Mbuzi wa jirani walimtazama tu, wakaendelea kutafuna.

Alikuwa na haki ya kuchangamka, mtoto wa watu! Mwalimu Saturnini, mwalimu wa nidhamu, alikuwa amechoka kuchapa. Alisema fimbo inamnyamazisha mtoto lakini haimfundishi kitu, hivyo akaunda baraza la wanafunzi lisikilize makosa ya wenzao na kupendekeza adhabu. Zulfa wa darasa la sita ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti. Alikuwa akiiombea kesi ya kwanza ije, hata iwe ya mtu aliyemwaga maji darasani.

Kesi ilikuja, tena si ya maji. Alipofika shuleni alikuta wanafunzi wamejazana, na katikati yao Amri, kiranja mkuu, amemkaba Rashidy wa darasa la nne ukosi wa shati.

"Mwizi wa korosho huyu hapa!" Amri alipiga kelele. "Nimemkuta anatoka shambani. Tazameni shati!"

Shati lilikuwa na madoa ya mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayobeba korosho, kifua kizima. Weee! Kelele zilipanda. Tangu msimu uanze, korosho za shamba la shule zilikuwa zikiibwa, na hizo ndizo zingeuzwa ili darasa la kwanza wapate madawati. Mwalimu mkuu alikwisha kutangaza kwamba atakayepatikana na hatia atasimamishwa masomo mwezi mzima. Na mtihani wa taifa wa darasa la nne ulikuwa wiki iliyofuata. Rashidy akisimamishwa, mtihani ndio basi tena.

Baraza lilikaa wakati wa mapumziko. Darasa lilijaa pomoni, wengine wakaning'inia madirishani.

"Kimya barazani!" Zulfa alisema, na watu wakanyamaza kweli! Moyo ulimdunda kwa raha.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Amri alianza, kifua mbele, "madoa yanajieleza. Asimamishwe, tumalize."

"Asimamishwe! Asimamishwe!" madirisha yote yaliitikia.

Zulfa aliinua mkono ili atoe uamuzi. Hapo akamwona Rashidy vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa analia bila sauti, huku akikunjakunja ncha ya shati. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Zulfa aliona aibu, akaushusha mkono.

"Rashidy, uliingia shambani kufanya nini?"

"Kula mabibo, dada. Nyumbani hakukuwa na chai."

"Na korosho zake umepeleka wapi?"

"Nimeziacha shinani. Kwenye ule mkorosho wa pembeni, karibu na vyoo."

"Mwongo mkubwa!" Amri alidakia.

Lakini darasa lilianza kunong'ona. Huku kwetu kila mtu anajua: mwenye njaa anaruhusiwa kula bibo la shamba lolote, hata la mtu asiyemjua, mradi ainyofoe korosho na kuiacha shinani kwa mwenyewe. Hata watoto wadogo wanafundishwa hivyo.

"Basi twendeni tukaangalie!" Zulfa alisema.

Loo! Shule nzima ilimwagika nje. Viatu viliruka, madaftari yalidondoka, hata mpishi wa uji aliacha mwiko akafuata. Zulfa alikuwa mbele, sketi ameishika mkononi, anakimbia huku anacheka kwa msisimko.

Korosho zilikuwepo! Zilikuwa zimepangwa shinani, bado zina vipande vibichi vya bibo. Lakini kule kwenye uzio mambo yalikuwa mengine. Mabibo mazima yalitapakaa chini yakiwa yamekanyagwa, na korosho zote zimenyofolewa. Alama za kandambili kubwa, za mtu mzima, zilielekea kwenye tundu la uzio.

"Jamani, tazameni!" Zulfa aliruka. "Rashidy kala bibo, kaacha korosho. Huyu kachukua korosho, katupa bibo. Hawa ni watu wawili tofauti!"

Amri alitazama zile alama, akatazama miguu mitupu ya Rashidy, akamsogelea. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nimekuonea bure."

Mwalimu Saturnini alimpelekea taarifa mtendaji wa kijiji, Bi Sikudhani, naye akawatuma mgambo wazifuate zile alama. Siku iliyofuata walimkamata kijana mmoja aliyekuwa akiuza korosho kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa kificho wanaopima korosho kwa kopo. Walipompitisha barabara ya shuleni, watu walikuwa wamekwisha kuokota mawe. "Apigwe! Apigwe huyo!"

Sauti nyembamba ilitoka kwenye kundi la wanafunzi. "Asikilizwe kwanza!"

Alikuwa Rashidy, mishipa ya shingo imemtoka. Zulfa akaidaka, Amri akaidaka, na mara shule nzima ikawa inaimba, "Asikilizwe kwanza! Asikilizwe kwanza!" Wazee walitazamana. Jiwe la kwanza lilianguka chini, halafu la pili. Bi Sikudhani akampeleka kijana yule polisi akiwa mzima, afikishwe mahakamani.

Jioni baraza lilikaa tena. Safari hii mapendekezo yalikuwa tele: tundu la uzio lizibwe, korosho ziokotwe kila asubuhi zisilale chini, na uji wa shule uwahi, wasiokunywa chai nyumbani wasishinde na njaa. Mwalimu Saturnini alikubali yote, kisha akasimama.

"Wanangu, kama mngemsimamisha Rashidy, mngelala usingizi mzito mkidhani kesi imekwisha. Na mwizi? Angerudi shambani kwa raha zake, maana hakuna tena anayemtafuta. Ukimwadhibu asiye na kosa, unakuwa umemsaidia mwenye kosa. Ndiyo maana tunauliza, tunatazama, halafu ndipo tunahukumu."

Wiki iliyofuata Rashidy aliingia kwenye chumba cha mtihani na penseli mbili. Moja alipewa na Amri.