Skrubu Tatu Mdomoni

Hebu fikiria stoo isiyo na dirisha wala taa, ambayo rafiki yangu aliigeuza karakana ya kutengeneza rili, yale magurudumu ya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki.

"Nyumba ikinuka tu, bwana wee, wewe na rili zako nje!" mkewe alimwonya.

Rili ya kwanza ilipofunguka, ikatoa uvundo wa panya aliyeoza. Akafunga mlango haraka, akaendelea kwa kupapasa gizani, skrubu tatu akizibana kwa midomo kama mafundi wafanyavyo.

Krr. Krr. Mpini wa rili ulijizungusha wenyewe. Kitu chenye utelezi kikamgusa ulimi.

Akatapika, akafungua mlango. Sakafuni zilikuwepo skrubu tatu, na gego la mtu lenye kipande cha ufizi. Akayapapasa meno yake, yote yalikuwepo.

Tafadhali, kumbuka hili moja: lile gego lilikuwa bado na joto.